Nyumba Mpya, Mkopo wa Nani? Jinsi ya Kuchagua Mkopeshaji Kabla Ukuta Haujakauka

Kila ofisi ya mauzo ya nyumba mpya niliyowahi kuingia ilikuwa na vitu vitatu: mfano mdogo wa mtaa wenye miti ya plastiki, kijana mchangamfu aliyeshika kalamu, na fomu ambayo nafasi ya "Mkopeshaji" imeshajazwa. Haijaandikwa kwa mkono, imechapwa kabisa. Ukiuliza unajibiwa kwa tabasamu: "Hao ndio tunaofanya nao kazi, dada. Wanakumalizia kila kitu hapa hapa."

Nami walinimaliza hapa hapa. Nyumba niliyoambiwa itakuwa tayari baada ya miezi sita ilikamilika mwezi wa kumi na moja. Barua ya ofa ya mkopo ilikuwa na uhai wa siku 90. Siku ya kukabidhiwa funguo ilipokaribia, riba ilikuwa imepanda, ripoti ya mthamini imepitwa na wakati, na ada ya uthamini ikabidi niilipe mara ya pili. Siwezi kumtupia mkopeshaji lawama zote. Nilimchagua kama mtu anayenunua nyumba iliyokwisha simama, kumbe nilikuwa nanunua nyumba ya kusubiri.

Nyumba iliyokwisha kaliwa unaiona, inathaminiwa, mkopo unatoka, unahamia. Nyumba mpya ina kalenda mbili, ya jengo na ya mkopo, na ni nadra zikaenda sambamba. Riba ya kila benki unaweza kuijua kwa kupiga simu chache. Kazi yenyewe ni kumpata mkopeshaji atakayelisubiri jengo pamoja nawe bila kukugeuzia masharti njiani.

Hatua ya 1: Fahamu unalipia nini na lini

Kabla ya kumuuliza mkopeshaji lolote, muulize mwendelezaji, yaani kampuni inayojenga na kuuza nyumba hizo, swali moja: pesa yangu inatakiwa lini? Jibu litaangukia kwenye moja ya hali tatu.

Ya kwanza ni nyumba mpya iliyokamilika, ambayo hajawahi kukaa mtu. Hapo mkopo wa kawaida wa nyumba unatosha, na mashaka yako yatakuwa kwenye hati na vibali tu. Ya pili ni nyumba inayojengwa ambayo unatoa kianzio leo na salio siku ya makabidhiano. Ya tatu ni ile unayoilipia kwa awamu kadiri ujenzi unavyopanda: msingi, kuta, paa, umaliziaji. Kwa hiyo ya tatu mkopeshaji hutoa fedha kidogo kidogo, kila mara baada ya mkadiriaji majenzi au mtaalamu mwingine kuthibitisha kwamba kazi ya awamu hiyo imefanyika kweli.

Wengi wanajikwaa kwenye hali ya tatu kwa sababu riba huanza kuhesabika mara awamu ya kwanza inapotoka. Tuseme mkopo wako wote ni 100,000, riba ni asilimia 12 kwa mwaka, na 40,000 zimeshatolewa. Kila mwezi unadaiwa riba ya 400 kwa nyumba isiyo na paa, na kodi ya unakoishi iko pale pale. Ujenzi ukichelewa miezi mitano, umelipa 2,000 na deni la msingi halijapungua hata senti. Basi muulize mkopeshaji: wakati wa ujenzi nitalipa riba tupu, au riba inarundikwa juu ya deni? Na marejesho kamili yanaanza lini, tarehe iliyoandikwa kwenye mkataba au siku ninayokabidhiwa nyumba? Majibu mawili yanayofanana kwa sauti yanaweza kutofautiana sana kwa fedha.

Wapo wakopeshaji wasiogusa kabisa nyumba isiyokamilika. Usione aibu kuuliza hilo kwenye simu ya kwanza. Litakuokoa wiki tatu za kupeleka makaratasi.

Hatua ya 2: Nenda ofisi ya mauzo ukiwa na kibali cha awali mkononi

Kibali cha awali ni barua ya mkopeshaji inayosema kwamba kwa kipato chako na madeni yako, anaweza kukukopesha mpaka kiasi fulani. Kipate kutoka kwa mtu ambaye hayumo kwenye ile fomu iliyochapwa, tena ukipate kabla hujauona mfano wa mtaa. Kinakupa kipimo cha kulinganishia, na kinamwambia muuzaji kwamba hukuja mikono mitupu.

Mimi sasa huwaendea wakopeshaji watatu wa nje, halafu yule wa mwendelezaji anakuwa wa nne. Wapelekee wote makaratasi yale yale: hati za mshahara au hesabu za biashara, taarifa za benki za miezi kadhaa, orodha ya madeni. Waombe makadirio kwa maandishi, siku ile ile au ndani ya siku mbili, kwa kiasi kimoja na muda mmoja. Riba ya Jumatatu kuilinganisha na ya mwezi ujao ni kujidanganya. Maombi yako yasambae ndani ya muda mfupi pia, kwa sababu mahali ambapo historia ya mikopo huchunguzwa kwa alama, maombi yaliyotapakaa mwaka mzima humfanya mtu aonekane anahangaika.

Mitaa mipya ina ada ya kila mwezi ya ulinzi, taa, lifti, bustani na taka. Mkopeshaji makini huitoa kwenye kipato chako kabla ya kukokotoa unachoweza kurejesha. Asiyeiuliza atakuruhusu ukope zaidi, na siku hiyo utafurahi. Ada yenyewe itakuja kukukumbusha.

Jambo moja watu hulisahau: kibali cha awali kinakuhusu wewe, hakiihusu nyumba. Nyumba bado haijapimwa na mtu.

Hatua ya 3: Ipime zawadi ya mwendelezaji kwa kalamu

Huku ndiko fedha nyingi hupatikana au kupotelea, kwa hiyo tukae kidogo.

Kwa nini mwendelezaji ana mkopeshaji wake? Mara nyingine ni kampuni tanzu yake. Mara nyingine benki hiyo ndiyo iliyomkopesha fedha za kujengea. Mara nyingine wamezoeana tu, na faili za wateja wake zinapita haraka. Hakuna ubaya hapo peke yake. Mkopeshaji aliyeshakagua hati za mradi mzima anaweza kukumalizia kwa wiki mbili kazi ambayo mgeni ataifanya kwa miezi miwili. Nimewaona watu wakimkataa kwa ukaidi tu, halafu wakapoteza nyumba.

Ila zawadi anayokupa ukimtumia mkopeshaji wake ina bei. Chukua mkopo wa 100,000 kwa miaka 20. Mkopeshaji wa mwendelezaji anatoza asilimia 12, na mwendelezaji atakulipia gharama za kukamilisha mkopo (kama uthamini, wakili na usajili) zenye thamani ya 3,000. Mkopeshaji wa nje anatoza asilimia 11.5, hakuna zawadi. Rejesho la kwanza ni 1,101.09 kwa mwezi, la pili ni 1,066.43. Tofauti ni 34.66. Gawanya 3,000 kwa 34.66 unapata miezi 86 na ushee, yaani miaka saba na kitu. Ukijua utauza au utahamisha mkopo kabla ya hapo, chukua zawadi bila kusita. Ukikusudia kukaa miaka yote 20, ile nusu asilimia itakula takriban 8,300, na zawadi yako ya 3,000 itakuwa imemezwa zamani.

Hesabu hiyo ni mstari mmoja wa kikokotoo. Ifanye pale pale mezani kwao, waone.

Kuna zawadi nyingine inayopendwa sana kwenye matangazo: riba ya chini kwa miaka miwili ya kwanza. Mwaka wa kwanza asilimia 10, wa pili 11, kuanzia wa tatu 12 mpaka mwisho. Kwa mkopo ule ule, rejesho linaanza na 965.02, linakwenda 1,032.19, linatua kwenye 1,101.09. Jumla ya nafuu yote ni kama 2,460, na mwendelezaji ndiye anayemlipa mkopeshaji kuifidia. Tangazo litakuonyesha ile 965 kwa herufi kubwa. Swali la kumuuliza mwendelezaji ni hili: "Hizo 2,460 unazompa mkopeshaji kwa ajili yangu, utanipunguzia kwenye bei ya nyumba nikija na mkopeshaji wangu?" Muulize kwa upole, kisha nyamaza. Jibu lake litakuonyesha kama zawadi ilikuwa yako au ilikuwa ya mkopeshaji. Punguzo la bei lina faida nyingine: linapunguza deni lenyewe, na mahali ambapo kodi na ada za uhamisho hutozwa kwa asilimia ya bei, nazo hupungua.

Kisha angalia kama zawadi haikupachikwa kwenye bei tangu mwanzo. Uliza nyumba ya aina ile ile iliuzwa kiasi gani kwa mtu aliyelipa taslimu. Na zawadi yoyote utakayopewa, iwe samani, kodi iliyolipwa au fedha ya kurudishiwa, mwambie mkopeshaji wako. Wathamini huitoa kwenye thamani, na kuificha kunaweza kuhesabiwa kuwa udanganyifu kwenye maombi ya mkopo. Uingereza kuna fomu maalumu ambayo mwendelezaji hujaza akieleza punguzo na zawadi zote, ili mthamini na mkopeshaji wazione. Kwingine ni juu yako kusema.

Kukushawishi umtumie mkopeshaji wake kwa zawadi ni biashara. Kukulazimisha kwa kifungu cha mkataba ni jambo la kumpelekea wakili kabla hujashika kalamu.

Hatua ya 4: Zifanye ofa zote ziseme lugha moja

Asilimia tupu haisemi kitu mpaka ujue inakokotolewa juu ya nini. Kuna riba inayohesabiwa juu ya deni linalobaki, na kuna ile inayohesabiwa juu ya deni lote la mwanzo mpaka siku ya mwisho, hata kama umeshalipa nusu. Mkopeshaji A anakwambia asilimia 8 juu ya deni lote la mwanzo, miaka 10, mkopo 100,000. Riba ni 8,000 kila mwaka, jumla 80,000, rejesho 1,500 kwa mwezi. Mkopeshaji B anakwambia asilimia 12 juu ya deni linalobaki, kwa muda ule ule. Rejesho lake ni 1,434.71. Mwenye "8" ni ghali kuliko mwenye "12". Ukiigeuza ile 8 kwenye kipimo cha deni linalobaki inapita 13. Nimeshuhudia mtu mzima, mwalimu wa hesabu, akiteleza hapo kwa sababu hakuna aliyemwonyesha jedwali la marejesho. Liombe. Mkopeshaji asiyetaka kukupa jedwali la mwezi kwa mwezi, agana naye.

Halafu ada. Kuandaa mkopo, uthamini, wakili wa benki, usajili wa rehani, bima ya moto, bima ya maisha ya mkopaji. Ziulize moja moja na uulize ipi inarudishwa nyumba isipokamilika. Kwa nyumba iliyosimama swali hilo halina uzito, lakini kwa nyumba ya kusubiri ni la lazima. Bima ya maisha iulize kama unaweza kuinunua kwingine, na kama malipo yake yanaanza siku mkopo unapotoka au siku ofa inaposainiwa.

Riba inayobadilika si dhambi, ila uliza inafuata nini. Ikiwa inafuata kiwango kinachotangazwa hadharani na kuongezewa asilimia maalumu iliyoandikwa kwenye mkataba, unaweza kuikagua mwenyewe. Ikiwa mkataba unasema benki itabadilisha "kadiri itakavyoona inafaa", umetia sahihi karatasi tupu. Na adhabu ya kulipa mapema: itakuwepo kwa miaka mingapi, asilimia ngapi, na je, inagusa malipo madogo ya ziada au kufunga mkopo wote tu?

Mahali pengine sheria imekurahisishia. Marekani, mkopeshaji hutakiwa kukupa makadirio ya mkopo kwenye fomu ya mfano mmoja ndani ya siku 3 za kazi baada ya kupokea maombi yako, na taarifa ya mwisho ya gharama siku 3 za kazi kabla ya kusaini mkataba wa mkopo. Umoja wa Ulaya nao, kwa maelekezo yake ya mwaka 2014, una karatasi ya taarifa ya aina moja kwa wakopeshaji wote, pamoja na siku zisizopungua 7 za kutafakari au za kujitoa. Mahali pasipo na utaratibu huo, chora jedwali lako: safu moja kwa kila mkopeshaji, wajaze wenyewe, watie sahihi.

Kwa anayekwepa riba kwa sababu ya dini, masuali yanabadilika kidogo. Kwenye murabaha taasisi inatakiwa kuimiliki nyumba kwanza ndipo ikuuzie kwa faida inayojulikana, na nyumba ambayo haijajengwa haimilikiki hivyo. Kwa jengo ambalo halijasimama kuna istisnaa, yaani mkataba wa kutengenezewa, na baada ya hapo mara nyingi hufuata ushirika unaopungua, ambapo unanunua sehemu ya taasisi kidogo kidogo, au ukodishaji. Uliza mikataba hiyo inapokezana lini hasa, na ujenzi ukichelewa hasara inabaki kwa nani.

Hatua ya 5: Weka kalenda mbili mezani

Chukua karatasi. Upande mmoja andika tarehe ya makabidhiano iliyotajwa na mwendelezaji. Ongeza miezi minne. Sina takwimu ya kukuonyesha kwa hiyo minne. Ni tahadhari yangu binafsi, na ile nyumba yangu ya kwanza iliivuka. Upande wa pili andika tarehe hizi kutoka kwa kila mkopeshaji: ofa inakufa lini, riba imefungwa (haibadilishwi) mpaka lini, ripoti ya mthamini inakubalika mpaka lini.

Pengo kati ya pande hizo mbili ndilo unalopaswa kulijadili, na maneno ya kutumia ni ya wazi kabisa. Ofa inaweza kuongezwa muda? Mara ngapi? Kwa riba ile ile au ya siku hiyo? Kuifunga riba kwa miezi tisa badala ya miwili kunagharimu nini? Na ikishuka baada ya kuifunga, naruhusiwa kuifuata chini angalau mara moja? Wapo wanaoruhusu hilo kwa ada. Uthamini ukirudiwa, analipa nani? Kipato changu kitakaguliwa upya kabla fedha hazijatoka?

Usilichukulie pengo hilo kwa mzaha. Mkopo wetu wa 100,000 kwa asilimia 11.5 ulikuwa na rejesho la 1,066.43. Riba ikifika 13 wakati unasubiri vigae, rejesho linakuwa 1,171.58. Ni 105 zaidi kila mwezi kwa miaka 20, kwa sababu ya tarehe iliyokosewa. Mkopeshaji mwenye riba ya juu kidogo lakini anayeifunga kwa mwaka mzima anaweza kuwa ndiye wa bei nafuu, jambo ambalo hakuna jedwali la riba litakalokuonyesha.

Tarehe ya kweli utaipata wapi? Si ofisi ya mauzo. Nenda kwenye eneo la ujenzi jioni ya siku ya kazi, msalimie msimamizi, umuulize anasubiri nini. Jengo la nje humalizika haraka na hupendeza kwenye picha. Kinachochelewesha ni vitu visivyopigwa picha: bomba la majitaka halijaungwa, mita za umeme hazijafika, lifti iko bandarini, barabara ya ndani bado ni vumbi. Bila hivyo kibali cha kukaliwa hakitoki, na bila kibali wakopeshaji wengi hawatoi fedha ya mwisho. Nyumba yangu ilipakwa rangi mwezi wa sita. Ilikaa miezi mitano, nzuri, imefungwa, kwa sababu ya mita thelathini za mtaro. Kama kuna awamu ya mradi iliyokwisha kaliwa, gonga hodi. Waulize waliahidiwa lini na waliingia lini.

Kipindi chote hicho cha kusubiri usiongeze deni. Mkopo wa gari ulioonekana mdogo unaweza kuiangusha hesabu yako mkopeshaji akikagua tena wiki moja kabla ya kutoa fedha. Kubadilisha kazi vilevile. Kama huna budi, mwambie ofisa mikopo kabla, si baada.

Hatua ya 6: Chunguza nyumba ina deni la nani

Nyumba mpya mara nyingi inakaa juu ya ardhi ambayo mwendelezaji ameiweka rehani ili apate fedha za kujengea. Mkopeshaji wako anataka rehani ya kwanza juu ya nyumba yako, na hawezi kuipata mpaka benki ya mwendelezaji iiachie sehemu hiyo. Kwa hiyo uliza kwa maandishi: hati ya mradi iko wapi sasa, hati ya nyumba yangu itakatwa lini, na benki iliyoshika ardhi itatoa barua ya kuiachia nyumba yangu salio likilipwa? Wakili wako, si wa mwendelezaji, aione barua hiyo.

Ikiwa benki iliyomkopesha mwendelezaji ndiyo inayotaka kukukopesha wewe, kazi ya kuachia rehani inakuwa nyepesi, kwa kuwa mkono wa kulia unampa wa kushoto. Lakini kumbuka kwamba benki hiyo inataka nyumba zile ziuzike ili mkopo wake wa kwanza urudi. Sitakwambia uikimbie. Nitakwambia uithaminishe nyumba kwa mthamini wako mwenyewe, kwa gharama yako, hata kama benki inasema wa kwao anatosha.

Uthamini wa nyumba mpya ni mgumu kwa sababu nyumba za kulinganisha nayo mara nyingi zimeuzwa na muuzaji yule yule. Bei ya mpya pia ina kile kiasi cha ziada watu wanacholipa ili wawe wa kwanza kuingia, ambacho mtu wa pili hatakirudisha. Sasa ona matokeo yake. Bei ni 120,000 na mkopeshaji anatoa asilimia 80, kwa hiyo umejipanga na 24,000. Mthamini anasema 110,000. Mkopeshaji anatoa asilimia 80 ya 110,000, yaani 88,000. Unatakiwa kuleta 32,000. Hizo 8,000 za ghafla ndizo zinazowafanya watu kukimbilia mikopo ya haraka. Baadhi ya wakopeshaji huweka kiwango cha chini zaidi kwa nyumba mpya, hasa za ghorofa, kwa hiyo asilimia uliyoambiwa kwa nyumba kwa jumla iulize tena kwa nyumba hii hasa.

Swali ninalolipenda kuliko yote kwa mkopeshaji wa nje ni fupi: "Mmeshawahi kukopesha kwenye mradi huu?" Akisema ndiyo, ameshazikagua hati. Akisema hapana lakini tutaukagua, uliza siku ngapi. Akisema hatuukopeshi, usikate simu kwa hasira. Muulize kwa nini. Wakopeshaji watatu wakiukataa mradi mmoja, shida haiko kwao, na yule wa nne aliyechapwa kwenye fomu anakukopesha kwa sababu ambazo yeye anazijua.

Hatua ya 7: Mpime ofisa mwenyewe

Mtume ofisa mikopo swali moja gumu kwa barua pepe, kwa mfano lile la kuongeza muda wa ofa. Angalia amejibu baada ya muda gani, na amejibu ulichouliza au amekutumia kipeperushi. Muulize pia uamuzi unafanyikia wapi, na yeye akihamishwa tawi faili lako linabaki na nani. Kwa mkopo uliosubiri nyumba miezi kumi na moja, nilishughulikiwa na maofisa watatu. Wawili wa mwisho walinianzishia habari upya: "Mama, hebu nielezee tena tangu mwanzo."

Hatua ya 8: Ufunge mkataba wa nyumba kwenye mkataba wa mkopo

Ukishachagua, usitie sahihi mkataba wa mauziano mpaka una vifungu viwili. Kimoja kiseme kwamba ukikosa mkopo bila kosa lako, kianzio kinarudi, na kitaje siku ulizopewa za kuutafuta. Mwendelezaji atataka siku chache. Wewe omba zinazotosha kwa mkopeshaji uliyemchagua, kwa kuwa sasa unajua anachukua siku ngapi. Cha pili kitaje tarehe ya mwisho kabisa ya makabidhiano, ambayo ikipita unaruhusiwa kujitoa na fedha yako. Hakikisha tarehe hiyo haizidi uhai wa ofa yako pamoja na nyongeza yake. Mwendelezaji akisema mkataba wao ni mmoja kwa wateja wote, omba barua ya pembeni inayosema hayo hayo. Aliyeikataa hata barua ya pembeni, mimi nilimwachia nyumba yake.

Hatua ya 9: Fedha ya mwisho isitoke kabla yako

Muulize mkopeshaji nani anatoa ruhusa ya fedha ya mwisho kumfikia mwendelezaji. Kwenye mikopo mizuri ya nyumba mpya, sahihi yako inahitajika, na kuna kiasi kidogo kinachoweza kushikiliwa mpaka kasoro zirekebishwe. Kwenye mingine benki inatoa fedha baada ya kuona cheti tu, na wewe unajulishwa kwa ujumbe wa simu. Fedha ikishatoka, fundi wa kurekebisha mlango unaokwaruza sakafu anakuwa mtu wa kutafutwa kwa tochi.

Kwenye nyumba ya pili niliyonunua, ofisa alinipigia saa nne asubuhi akiomba sahihi. Nikamwambia anipe mpaka saa kumi. Nilikwenda na gololi moja mfukoni na ndoo. Gololi niliiweka katikati ya bafu. Ikabingirika kwenda mlangoni, si kwenye tundu la maji. Nikamwaga ndoo, maji nayo yakaelekea sebuleni. Nikapiga picha, nikamtumia ofisa na msimamizi wa ujenzi kwa pamoja. Mafundi walivunja sakafu ile Jumatano. Sahihi niliitia Ijumaa.